Mto Hausogezwi

Mpaka leo nikimwona mtu akichora mstari, hata ikiwa ni chokaa ya uwanja wa mpira, namtazama mikono kwanza. Tabia hiyo aliniachia Mwalimu wa Jiografia. Mikono yake ilikuwa myembamba, safi kupita kiasi kwa mtu aliyekaa mashambani, na aliweza kuvuta mstari ubaoni bila rula, kutoka ukingo hadi ukingo, huku uso umetugeukia sisi na mdomo ukiendelea na somo. Mstari haukupinda. Tulimwona bingwa, na kweli alikuwa bingwa, na mimi nilichelewa sana kumwogopa.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza nikiwa mwanafunzi wake, baadaye nikiwa mwenzake katika chumba cha walimu, kwenye shule ya sekondari iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la ng'ombe la Ogwedhi. Nilipomaliza kidato cha nne sikupata nafasi ya kuendelea, basi mkuu wa shule akanichukua nifundishe Kiswahili bila cheti. Siku hiyohiyo Mwalimu wa Jiografia akaacha kuniita kwa jina. Nikawa Madam. Hata tulipokutana kisimani, mimi na ndoo kichwani, yeye na taulo shingoni, ilikuwa Madam na Mwalimu.

Watu wengine wana Biblia, yeye alikuwa na kijitabu cha Wilaya Ile. Mjerumani mmoja aliyekuja kutujengea tangi la maji la shule alimwachia alipokuwa anaondoka. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kikieleza wilaya ya kwao huyo Mjerumani, si miji mikubwa wala viwanda vile vya kwenye mtihani, bali mashamba matupu. Jina la wilaya lilitushinda kutamka. Tukaiita Wilaya Ile, na yeye mwenyewe mwishowe akatufuata.

Somo lilikuwa la Kiingereza, lakini Mwalimu akifika Wilaya Ile alihamia Kiswahili, na akinogewa kabisa, Dholuo. Tulijua kwamba kaskazini mwake udongo ni wa kichanga, unafaa viazi, na kusini ni mweusi na mzito, unapandwa ngano na vile viazi vitamu sana vinavyokamuliwa sukari. Tulijua misitu yake ilipandwa kwa mistari. Tulijua maziwa yaliendeshwa kiwandani kabla jua halijachomoza, na kwamba kila shamba lilikuwa na nambari kwenye daftari la serikali, hata shamba la mjane. Tuliijua Wilaya Ile kuliko yetu. Mwaka mmoja katika jaribio la shule, swali lilitaka mazao mawili ya nyumbani kwenu, na mwenzetu mmoja, ambaye mama yake aliuza mtama sokoni kila wiki, akaandika ngano na viazi vya sukari. Mwalimu alimpa alama zote. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye kwa nini, alisema, "Alikuwa amesoma, Madam. Hiyo mtama hakuna mtu alimfundisha."

Na viazi vyenyewe hakuvila. Alivisifu darasani mpaka mate yakatutoka, halafu siku ya viazi kwenye jiko la walimu alisukuma sahani kando akisema hicho ni chakula cha wagonjwa. Alitaka ugali na omena, dagaa wa ziwani, na omena wenyewe watoke Homa Bay, si pengine. Alipenda mipaka kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, lakini nyumba yake ya shule haikuwa na ua wala lango, na kuku wa kila mtu walilala jikoni kwake. Nilipomtania, alinijibu kwamba yeye ni mtu wa Kosele, hapa anapita tu. Alikuwa amepita kwa miaka ishirini na sita.

Alikuwa na kanuni moja ya ramani aliyoirudia mpaka tukaiimba: fremu, kichwa, ufunguo, kipimo, kaskazini. Ramani isiyo na kaskazini aliirudisha mezani kwako kwa vidole viwili. "Hii ni mahali kuku imekwaruza," alisema. "Mtu akipotea na hii karatasi mkononi, ni wewe umempoteza."

Sasa niseme juu ya woga wake, maana bila huo hakuna kinachoeleweka. Katika kile kijitabu kulikuwa na ukurasa wa utawala, na ukurasa huo ulisema kwamba mkuu wa Wilaya Ile huchaguliwa na watu wenyewe, wakati wetu aliletwa na serikali. Mwalimu aliusoma darasani kama alivyosoma habari za mvua, kwa sauti moja. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya tisini, vyama vingi vimeingia juzi tu, na ukuta ulikuwa na masikio. Wiki iliyofuata Landrova ilisimama nje ya ofisi, wanaume wawili wakaingia darasani, wakakaa kiti cha nyuma kabisa kipindi kizima bila kuandika kitu. Mwalimu alifundisha mvua. Alifundisha mvua dakika arobaini, na jasho likamtoka mpaka mgongo wa shati ukabadilika rangi. Walipoondoka mmoja wao alimshika mkono akauweka mkononi mwake kwa muda, akasema, "Mwalimu, endelea na hiyo mvua."

Jioni hiyo, mwangaza ukiwa bado upo, nilimkuta jikoni kwake na kijitabu mezani na ugali wa mchana uliolainishwa kwa maji. Alikuwa anabandika ukurasa wa utawala na ule ulioufuata, akiupaka pembe hadi pembe kwa kidole, taratibu. Akauwekea jiwe la kusagia juu. Nikamwambia si angeuchana tu. Akanitazama kama niliyetukana kanisani. "Kitabu haichanwi," alisema. Basi ukawa humo ndani miaka yote, umefumba, na hakuna aliyeusoma tena, yeye pia.

Nyumbani kwetu palikuwa ng'ambo ya mto. Si mto mkubwa. Kiangazi mbuzi aliuvuka bila kulowa tumbo. Baba alipewa ardhi ile na mzee mmoja wa wafugaji wa upande ule, enzi ambazo wao walitaka mahindi na sisi tulitaka maziwa, na hakuna aliyewaza ofisi. Walipanda mpaka kwa desturi ya kwetu. Kiewo, mpaka wa shamba, haupandwi na mtu mmoja. Wenye ardhi wa pande zote mbili hutembea pamoja, na kila penye shimo wote wawili hushika kijiti kimoja cha ojuok, ule mnyaa wa utomvu mweupe ambao ukikuingia jichoni unaweza kukupofusha, wakakichomeka kwa mikono miwili, mmoja wa huyu na mmoja wa yule. Ndiyo maana ukiung'oa umemng'oa na mwenzako. Baba akafa, akazikwa mkono wa kulia wa nyumba yake. Yule mzee wa ng'ombe alikuja matangani, akafa naye mwaka uliofuata. Mama alibaki pale na ombi moja tu duniani: siku yake ikifika alazwe kushoto, ng'ambo ya mlango, amkabili mumewe. Aliliomba kila nilipomtembelea, hata nikiwa nimekuja kuchukua mboga tu.

Kisha wilaya ikakatwa. Tulilala Nyanza Kusini yenye makao Homa Bay, tukaamka Migori. Wilaya mpya ikazaa tarafa mpya, tarafa ikazaa lokesheni mpya, na lokesheni mpya ikataka ramani ya kutundika ukutani. D.O., afisa wa tarafa, akauliza ni nani hapa anayejua ramani, na watu wote wakaelekeza kidole mahali pamoja.

Sijapata kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Alinunua karatasi kubwa nyeupe, akanoa penseli tatu. Wazee walikuja kumwambia kwamba mpaka ni ule mstari wa ojuok, kilima cha pili baada ya mto, na kwamba kesho watauzungukia pamoja na wazee wa upande wa pili, naye aje na viatu vizuri. Akawakaribisha chai. Kisha akawafungulia kijitabu, akawaonyesha mpaka wa magharibi wa Wilaya Ile, mstari wa buluu unaojipinda, na akawaeleza kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu wa dharau.

"Wazee, ojuok ni mti. Mtu mmoja mbaya anaamka asubuhi, anang'oa, mchana kuna vita. Lakini hiyo mto, nani ataibeba? Kule kwa hawa watu mto ndio mpaka tangu zamani, na hawapigani. Mto haisogezwi."

"Na watu wetu wenye wako ng'ambo?" mzee mmoja aliuliza.

"Mpaka ya lokesheni haifukuzi mtu, Mzee. Ni ya ofisi tu."

Wazee walitazamana. Wakanywa chai yao wakaenda, na huko kuzungukia hakukuwako. Hilo ndilo kosa, na nilikuwa nimekaa hapohapo nikalipita. Ramani ya kwetu ilichorwa mezani na mtu mwenye kitabu, na kwa sababu ya kitabu hakuna aliyethubutu kumwambia avae viatu.

Mimi ndiye niliyeandika maandishi. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko walimu wote, nisijifiche. Aliniita akasema, "Madam, hizo herufi zisimame straight," nikakaa na wino mweusi siku nzima ya Jumamosi, nikafuata ule mto kutoka juu hadi chini kwa herufi zilizoachana: M, P, A, K, A. Herufi ya mwisho iliangukia mbele ya nyumba ya Mama. Niliona. Nilisimama kidogo nikafurahi kwamba nyumbani kwetu pametokea kwenye ramani ya serikali, hata kama ni kwa nukta tu. Ujinga wangu siwezi kumpa mtu mwingine aubebe.

Miaka miwili mitatu hakukuwa na neno. Kisha akina mama wa wafugaji wakaacha kumuuzia Mama maziwa. Wakimwona anakuja na kibuyu walikuwa wameshauza yote. Kisha salamu zikapungua. Kisha chifu wa upande ule akaanza kusema barazani kwamba katika lokesheni yake kuna watu wenye vitambulisho vya lokesheni nyingine, na neno jadak, mkaaji wa ardhi ya wengine, likaanza kusikika kwa Kiswahili na kwa lugha zote tatu za sokoni. Asubuhi moja Mama alifungua mlango akakuta ojuok kumi na moja zimelazwa kizingitini, zimepangwa vizuri kama kuni, mizizi ikimwelekea yeye. Utomvu ulikuwa bado mbichi. Nilimsihi ahame siku hiyo. Akazibeba moja moja akazirudisha kwenye mashimo yake, peke yake, na nikajua anajua kwamba mkono mmoja hautoshi.

Nilimwambia Mwalimu. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema ataandika barua. Aliiandika kweli, niliiona, ndefu na yenye adabu, ikimkumbusha mkubwa fulani kwamba mpaka wa lokesheni ni wa ofisi tu. Hakuna aliyeijibu. Kuanzia hapo alianza tabia ya kwenda mtoni kila alasiri na kusimama ukingoni, mikono nyuma, akitazama maji. Watoto walimcheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeona jinsi alivyoyatazama.

Zikaja zile mvua za El Niño. Zilinyesha mpaka makaburi yakatitia na barabara ya Ogwedhi ikawa bonde. Zilipokoma tulienda kutazama, na mto haukuwepo mahali pake. Ulikuwa umeacha mkondo wake wa zamani ukiwa na mawe na matope tu, ukapita nyuma ya nyumba ya Mama, chini ya kilima cha pili, karibu kabisa na ule mstari wa ojuok wa wazee. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amelowa hadi magoti, anacheka. Ni mara ya mwisho kumsikia akicheka vile. "Mungu amechora ramani yake," aliniambia.

Baraza liliitwa pale uwanja wa soko la ng'ombe, siku isiyo ya soko. D.O. alikaa katikati, ramani yangu ikaning'inizwa kwenye ubavu wa gari. Upande mmoja walisimama vijana wa kwetu, upande mwingine wa kule, na wote walikuwa wamekuja na fimbo za kuchungia ng'ombe ingawa hakuna ng'ombe. Nyuma kwenye mkonge niliona chuma kiking'aa pande zote mbili. Mwana wa yule mzee wa ng'ombe, yule mzee aliyepanda ojuok na baba yangu, ndiye aliyesimama kuuliza. Alikuwa mtu wa maana, mwenye sauti ya chini.

"Mwalimu, wewe ulisema mto haisogezwi. Sasa imesogea. Sisi tunataka kujua tu. Mpaka iko wapi?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwa Mwalimu. Alikuwa na kijitabu kwapani. Angesema neno moja, mpaka unafuata maji, na Mama angebaki. Alinitazama, na niliona anajua ninachomwomba. Akageuka akatazama kwenye mkonge, muda mrefu. Halafu akasema kwa ile sauti moja ya kufundishia mvua:

"Mpaka iko pale nilichora. Maji imeenda. Mstari imebaki."

Hakuna fimbo iliyoinuliwa siku ile. Watu husema aliokoa roho za watu, na pengine ni kweli. Wengine husema aliwaogopa wakubwa, kwa kuwa kugeuza ramani ni kukiri kosa mbele ya serikali, na hilo pia pengine ni kweli. Mimi nilimchukia. Nyumba saba za watu wetu wa ng'ambo zilipewa hadi mwisho wa mavuno kuhama. Mama alitoka na mlango wake, mawe matatu ya jiko na kigoda cha Baba, tukapanga chumba pale senta ya Uriri. Alipofika hakuuliza kitu ila dirisha linatazama upande gani.

Sikuzungumza na Mwalimu tena isipokuwa kengele na chaki. Alistaafu akarudi kwao Kosele, na siku ya kumuaga nilijifanya mgonjwa.

Mwaka wa mwisho wa miaka hiyo ya tisini nilikwenda Homa Bay kumjulia hali shangazi yangu aliyelazwa. Nikipita kwenye benchi la wagonjwa wa macho nikaona mikono niliyoijua. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili jekundu, linatiririka machozi. Nilitaka kupita. Nikasimama.

"Mwalimu."

"Madam," alisema mara moja, bila kunitazama. "Kaa. Nilikuwa nafikiria vile nitakutumia kitu."

Nikakaa. Akaniuliza habari za Mama, nikamjibu kwamba yu hai. Kisha akatoa kile kijitabu kwenye mfuko wa koti, akakifungua katikati. Ukurasa wa utawala ulikuwa umebanduka, umekunjamana, una madoa ya ugali wa zamani.

"Nimeweka juu ya mvuke ya sufuria," alisema. "Nimestaafu, nani atanifukuza sasa. Nikasoma ile ya pili, ile ilikuwa imeshikana na ya mkuu wa wilaya. Soma hapo chini."

Nilisoma. Kijitabu kilieleza kwamba katika Wilaya Ile, kila baada ya miaka michache, watu wa vijiji vya pande mbili hukutana wakatembea mpaka wao pamoja, wazee na watoto, kutoka jiwe hadi jiwe, ili kila mtu auone kwa macho yake na asije akadai hakujua. Hata penye mto, walitembea.

"Wazee waliniambia nilete viatu," alisema Mwalimu. "Nikawapa chai."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya mwaka mzima. Nikamuuliza jicho limefanyaje.

"Ojuok."

Alinieleza polepole. Baada ya kusoma, alipanda gari hadi Ogwedhi, akaenda moja kwa moja kwa mwana wa yule mzee wa ng'ombe, akamwonyesha ukurasa. Yule bwana alivaa viatu. Walikuta nyumba ya Mama haipo, shamba lote limelimwa, na jembe limefika hatua mbili tu kutoka kaburi la Baba. Wakakata ojuok, wakapanda kuzunguka kaburi, kila kijiti wakikishika wote wawili. Mwalimu hakuwa amewahi kuishika maishani. Alifuta jasho kwa mkono uleule.

"Huyo kijana amesema jembe haitapita hapo akiwa hai," alisema. "Lakini ni yeye peke yake. Wenzake hawakumsalimia tukirudi. Na mvua ikija kubwa tena, hata hiyo itapotea. Kwa hivyo nimechora."

Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Fremu ilikuwapo, imevutwa kwa rula, na hata hivyo ilikuwa imepinda. Kichwa kilikuwapo, kipimo kwa hatua kutoka mkondo wa zamani wa mto, na ufunguo. Kaskazini haikuwapo.

"Mwalimu, umesahau kaskazini."

"Sijasahau. Jicho ilikataa, sikuwa na hakika. Weka wewe, hapo ni kwenu."

Muuguzi akaita nambari yake. Alisimama akapapasa ukuta, nikamshika mkono hadi mlangoni. Aliingia bila kuniaga.

Mama hajui kusoma, lakini nilipomtandazia karatasi kitandani kule Uriri alitambua mara moja. Aliweka kidole kwenye duara la ojuok. Ndani yake kulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha mstari mzima, kingine cha nukta nukta.

"Huyu ni baba yako," alisema. "Na huyu wa nukta?"

"Ni wewe, Mama."

Alipima kwa kidole kutoka kimoja hadi kingine, kisha kutoka kaburini hadi mahali mlango wake ulipokuwa. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, najaribu kukumbuka jua lilitokea upande gani wa nyumba ile.

"Ameniweka kushoto," alisema. "Kumbe alijua."

Kisha akaikunja karatasi ilivyokuwa, kabla sijaiandika kitu, akaitia kifuani.

"Sasa uniambie wewe uliyesoma. Siku hiyo ikifika, ni nani atanivusha?"